Mume wa Kwenye Kochi

Fundi alikuwa mtu wa lifti. Tangu alipoondoka kwao kwenda ughaibuni, kazi yake ilikuwa kuingia kwenye mashimo ya lifti za maghorofa, kupaka grisi nyaya, kunyoosha milango iliyogoma kufunga, na kuwatoa watu waliokwama katikati ya safari huku wakitukana. Kwa kazi hiyo alishajua kuongea na watu waliopagawa. "Tulia, mama, nakuja. Usibonyeze kitu." Wote waliomfahamu walimwita Fundi, hata mchumba wake, ambaye alikuwa nesi katika hospitali kubwa ya mji uleule. Naye alimwita Nesi, mwanzoni kwa utani, baadaye kwa mazoea.

Walichumbiana nyumbani kabla hawajasafiri. Mipango ilikuwa imeshapangwa: Nesi amalize mkataba wake, warudi, wafunge ndoa mbele ya ndugu na majirani. Mipango hiyo haikuwa yao peke yao. Ilikuwa ya mama yake Nesi, na mama huyo mipango yake haichezewi. Alikuwa fundi cherehani. Mabibi harusi wengi wa mtaa wao walitoka nyumbani wakiwa wamevaa kazi ya mikono yake, na mabinti zake wakubwa walitoka hivyohivyo. Nesi ndiye kitinda mimba. Siku Fundi alipokwenda kujitambulisha, mama alimwambia jambo moja tu.

"Huyu hatoki kwangu bila gauni nililomshonea kwa mikono yangu. Umenielewa, baba?"

"Nimekuelewa, mama."

Na kweli alimwelewa.

Lakini kampuni ya lifti iliyomwajiri Fundi ilipoteza kazi yake kubwa, ikaanza kupunguza watu. Viza yake ilikuwa imefungwa kwenye ajira ile kama mbuzi kwenye kigingi. Ajira ikiisha, na viza inaisha. Akaambiwa afungashe kabla ya mwisho wa mwezi.

Wakaenda wote wawili kwenye ofisi ya utumishi ya hospitali. Nesi alikuwa na matumaini kwamba pengine hospitali inahitaji mtu wa lifti. Haikuhitaji. Ila mama aliyekaa nyuma ya meza, mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akauliza, "Nyinyi mmeoana?"

"Bado," akasema Nesi.

"Mnangoja nini?"

Jibu lilikuwa refu, lilikuwa na cherehani ndani yake, na foleni nyuma yao ilikuwa imeshaanza kukohoa.

"Nauliza kwa sababu mkioana, huyu bwana anapata viza kupitia kwako," yule mama akaendelea. "Anaruhusiwa kufanya kazi popote. Anaingia kwenye bima, hadi meno na macho. Na mnapewa nyumba kwenye jengo la wenye familia."

Nesi alikuwa akiishi hosteli ya manesi, chumba kimoja na wenzake. Mmoja alikoroma kama jenereta, na mwingine alipiga simu kwao kila alfajiri kwa sauti ya mtu anayehutubia mkutano wa hadhara. Liliposikika neno nyumba, Fundi aliona macho ya mchumba wake yakibadilika. Baadaye alikuwa akimtania kwamba hakuolewa kwa mapenzi, aliolewa kwa ajili ya kupata choo chake mwenyewe.

Walikata shauri kabla hawajafika kituo cha basi.

"Ni karatasi tu," akasema Nesi. "Ndoa yenyewe ni ile ya nyumbani."

"Karatasi tu," Fundi akaitikia.

"Na mama hajui, wala hatajua."

"Nani wa kumwambia?"

"Na kwa kuwa ni karatasi tu," Nesi akasema, akasimama njiani kabisa, "wewe utalala sebuleni."

Fundi akacheka. Halafu akamwangalia, akaona mwenzake hacheki.

"Nisikilize. Nilimwahidi mama kwamba nitatoka kwake. Kila Jumapili ananiona kwenye simu. Yule mwanamke anaona mshono uliopinda kutoka ng'ambo ya barabara, unafikiri hataona uso wa mtu aliyeolewa? Nisipokuwa na cha kuficha, sitaficha vibaya."

"Lakini utakuwa umeolewa."

"Kwa karatasi."

Fundi alijikuna kisogo. Angeweza kubishana, lakini alikuwa anampenda, na zaidi ya hapo alikuwa mtu aliyekwisha kununua sanduku la kurudia kwao. Akakubali.

Ndoa ilifungwa ofisi ya manispaa, wakati wa mapumziko ya chakula ya Nesi. Bibi harusi alivaa sare ya wodini na viatu vya mpira. Bwana harusi alikuwa ametoka kukabidhi vifaa vya kampuni, grisi ikiwa bado chini ya kucha. Shahidi wao alikuwa dereva wa ambulensi, rafiki wa Nesi, ambaye aliegesha gari mlangoni na kuwatia hofu watu wote wa jengo zima. Dereva huyo alilia kwa kwikwi tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuna aliyejua kwa nini. Mfungisha ndoa alipomaliza akamwambia Fundi kwamba sasa anaweza kumbusu mkewe. Nesi akamnyooshea Fundi mkono. Wakashikana mikono kama watu waliouziana pikipiki, kisha bibi harusi akatimua mbio kurudi wodini, kwa maana kuna mgonjwa alikuwa anasubiri dripu.

Nyumba waliyopewa ilikuwa nzuri. Jiko la kutosha, chumba chenye dirisha pana, choo chao peke yao. Kasoro ilikuwa kochi. Lilikuwa la watu wawili, na wawili hao walitakiwa wawe wafupi. Fundi alikuwa mrefu. Akilala chali, miguu inaning'inia. Akilala ubavu, magoti yanapata baridi. Akijikunja, anaamka akitembea kama alama ya kuuliza. Akapata kazi kwenye kampuni nyingine, ya kutunza lifti za maduka makubwa, na wenzake wakadhani ana ugonjwa wa mgongo tangu utotoni.

Siyo kwamba walikuwa na ugomvi. Walipika pamoja, walicheka pamoja, na ukifika wakati wa kulala waliendelea kuongea, yeye sebuleni, mwenzake chumbani, mlango katikati, hadi mmoja anyamaze. Tena Nesi alikuwa akitoka mara kwa mara kumfunika blanketi miguuni. Akishamfunika anasimama kidogo, anaguna, anarudi. Fundi hujifanya amelala.

Shida ni kwamba jengo lile lilikuwa la watu walio kwenye ndoa, na watu walio kwenye ndoa hawapitwi na jambo la ndoa ya mwenzao. Mke wa mfamasia, wa mlango wa pili, alikuja asubuhi moja kuwakaribisha kwenye jengo, akaona mto na shuka juu ya kochi. Hakusema kitu. Hakusema kitu kwao, yaani. Kufikia jioni jengo zima lilishajua kwamba wageni wale wamenuniana.

Ushauri ukaanza kumiminika. Matroni akampa Nesi siku ya mapumziko ambayo hakuiomba, akamwambia, "Nenda mkasuluhishane. Wanaume wanahitaji kuelekezwa." Mfamasia mwenyewe akamvizia Fundi kwenye ngazi, akamshika bega.

"Omba msamaha, kaka."

"Sijakosa kitu."

"Hilo halihusiani. Mimi huomba kila Ijumaa. Natanguliza."

Fundi akashukuru. Angesema nini? Kwamba mkewe anampenda sana, ila anamwogopa fundi cherehani aliye safari ya ndege mbili kutoka pale?

Maneno yana miguu. Haikujulikana yalitembea vipi, lakini muda wa kuongeza viza ulipokaribia, afisa wa uhamiaji akabisha hodi bila taarifa. Alikuwa bwana mpole, mwenye viatu vilivyolia kila akikanyaga. Akaomba kuzunguka nyumba. Akaangalia kitandani: mto mmoja. Akafungua kabati la chumbani: magauni na sare. Akarudi sebuleni, akaona mashati ya Fundi yamening'inizwa nyuma ya pazia. Akaketi kwenye kochi, akanyoosha miguu, akajaribu kujikunja kidogo. Akanyanyuka akijishika kiuno.

"Bwana," akasema, "wewe unalala hapa?"

Fundi akalivuta pazia lifunike mashati. "Mara nyingine."

"Kwa sababu mimi naona watu wawili waliooana kwa ajili ya viza na nyumba."

Hapo ndipo ilipokuwa ngumu, maana bwana yule alikuwa amesema kweli tupu, na wakati huohuo hakuwa amesema kweli hata kidogo. Nesi akaanza kueleza: uchumba wa miaka, nyumbani, mama, gauni. Kadiri alivyoeleza ndivyo maelezo yalivyozidi kunuka uongo.

"Kuna mtu yeyote huko kwenu anayeweza kuthibitisha kwamba mna uhusiano wa kweli?"

"Mama yangu," Nesi akasema, halafu akajiziba mdomo. Lakini lilikuwa limeshatoka.

Siku waliyoitwa ofisini kwa afisa walikuta simu katikati ya meza na mkalimani pembeni. Mkalimani alikuwa bwana mzito wa kuongea, mwenye mafua, aliyejua Kiswahili vizuri na kukipenda. Afisa alieleza utaratibu: mama atapigiwa bila kuonywa, wao wawili wasiseme neno mpaka waruhusiwe. Nesi akamshika Fundi mkono chini ya meza, akambana hadi vidole vikafa ganzi.

Simu ikaita. Nyuma ya "haloo" ilisikika cherehani ikifunga breki.

Mkalimani akajitambulisha, akasema anapiga kutoka ofisi ya serikali ya nchi anakofanya kazi binti yake.

"Matapeli!" mama akasema. "Juzi mmeniambia nimeshinda gari, leo mmekuwa serikali. Hamna haya?"

"Anasema nini?" akauliza afisa.

"Anataka kuhakikisha sisi ni nani," akasema mkalimani, akapenga kamasi. "Mama, hatutaki kitu chako. Tunauliza jambo moja. Binti yako ameolewa?"

"Binti yangu? Binti yangu anaishi hosteli na manesi wenzake! Ana mchumba, na mchumba anakaa kwake mwisho wa mji, na nilimwambia nikisikia amesogea karibu nitamfuata kwa miguu. Binti yangu hajaolewa, wala hataolewa bila mimi kujua, na wewe uliyetumwa kumchafulia jina, laana ikufikie hapohapo ulipo!"

Mkalimani akatafsiri, akaiacha laana. Afisa akafunika kalamu yake kwa kifuniko, taratibu, kama daktari aliyemaliza kuandika habari mbaya.

Fundi aliona mambo yote yanaporomoka mbele ya macho yake, na bila kuomba ruhusa akainamia simu na kusema, kwa sauti ileile aliyoitumia kwa watu waliokwama, "Mama, tulia. Ni mimi. Nipo hapa."

"Fundi? Unafanya nini na matapeli?"

"Si matapeli, mama. Ni uhamiaji. Na mwanao yupo hapa."

"Mama," Nesi akasema. "Tumeoana. Kwa karatasi. Viza ya Fundi ilikuwa inaisha. Tulitaka..."

Hakumaliza, kwa maana huko upande wa pili mvua ya mawe ilikuwa imeshaanza.

"Nilijua! Moyo wangu uliniambia! Huyu kijana siku ya kwanza amekuja kunitengenezea cherehani. Mtu wa lifti! Nani alimwita? Ikashona kinyumenyume wiki nzima, sketi za wanafunzi zote nikafumua! Nikanyamaza! Siku ya kuja na wajomba zake, kaka yangu anatoa nasaha, yeye anasinzia na mdomo wazi! Watu wakaniambia huyo hakufai, nikasema mwacheni, kaka yangu anasinzisha kweli! Nikamtetea! Akaugua kifua huko, nani alimtumia dawa? Mimi! Akalalamika baridi, nani alimfumia soksi? Mimi na macho yangu haya mabovu! Halafu ananiibia harusi yangu!"

"Anasema nini?" afisa akauliza.

"Anasema amesikitika."

"Ameongea muda mrefu sana."

"Amesikitika sana."

"Naomba neno kwa neno, tafadhali."

Mkalimani akavuta pumzi, akatafsiri yote. Cherehani, sketi, mjomba, dawa ya kifua. Alipofika kwenye soksi, afisa akainua mkono. "Soksi gani?"

Fundi akavuta suruali juu kidogo. Zilikuwa za rangi ya chungwa zenye michirizi ya zambarau, moja ndefu kuliko nyingine. Hakuna duka duniani ambalo lingethubutu kuziuza. Afisa akazitazama kwa muda.

"Mwulize mama," akasema, "kama anajua kwamba huyu bwana analala kwenye kochi."

Mkalimani akauliza. Upande wa pili sauti ikabadilika, ikashuka chini kabisa, na Fundi akaona hiyo ndiyo ya kuogopwa.

"Kochi gani?"

Nesi akainamisha kichwa. "La sebuleni, mama. Nilikuahidi kwamba..."

"Uliniahidi gauni! Lini uliniahidi kochi? Umeandikishwa mke wa mtu, unamlaza mtoto wa watu kwenye kochi? Na urefu wake ule? Akivunjika mgongo ataingiaje kwenye hizo lifti? Mama yake nitamtazama na uso gani?" Akapumua. "Wewe mkalimani, bado upo?"

"Nipo, mama."

"Mwambie huyo bwana mkubwa wako hivi: huyo ni mkwe wangu. Ni mjinga, lakini ni wangu. Na ole wake atakayemgusa kabla sijamgusa mimi."

Hilo mkalimani alilitafsiri lote, hakupunguza wala hakuongeza, na akalitafsiri kwa furaha.

Afisa akafunua tena kalamu. Aliandika kwa utulivu, kisha akawaambia kwamba katika kazi yake ameona ndoa nyingi za uongo, na zote huja na ushahidi mzuri kuliko huu. Huja na picha za fungate. Huja na mito miwili. Hajapata kuona waongo waliojipanga vibaya namna hii. Viza ikaongezwa.

Mke wa mfamasia ndiye aliyegundua, siku chache baadaye, kwamba kochi limekuwa tupu, na akajitangazia ushindi. Mfamasia akambana Fundi kwenye ngazi amweleze alitumia maneno gani.

Lakini hasira za mama hazikuwa zimeisha. Jumapili aliongea na binti yake kama kawaida. Fundi akipita nyuma ya simu na kusalimia, mama anasema mtandao mbaya. Wiki zikapita hivyo. Nesi alijifanya hajali, ila alianza kuunguza chakula. Fundi alivumilia hadi akashindwa. Siku moja mchana, akiwa amekaa juu ya kichumba cha lifti iliyozimwa, kwenye lile shimo refu ambamo hakuna wa kumsikia, akampigia mama peke yake.

"Mama, usinikatie. Sina la kujitetea. Nimekuja kuomba radhi."

Mama alikaa kimya kitambo, hadi Fundi akadhani mtandao umekuwa mbaya kweli.

"Mnadhani nimekasirikia gauni," mama akasema. Safari hii hakufoka. "Gauni naweza kulishona hata kesho. Nimewashonea watoto wa watu maisha yangu yote, baba. Nawavalisha, nawafunga vifungo vya mgongoni, wanatoka, nabaki na vipande vya uzi sakafuni. Huyu wangu wa mwisho nilitaka niwepo. Basi. Sikutaka kitu kikubwa. Nilitaka niwepo."

"Nisamehe, mama," Fundi akasema, akarudia tena.

"Hiyo sauti vipi? Uko kisimani?"

"Niko kwenye shimo la lifti."

"Toka humo, utaanguka." Akapiga chafya, au alikuwa analia, Fundi hakujua. "Kiuno chako ni kilekile, au huko mnanenepa?"

"Kimepungua kidogo, mama."

"Kwa sababu ya lile kochi. Jipime, unitumie. Nisije nikashona suruali ikakuangukia mbele za watu."

Likizo ya Nesi ilipopatikana walirudi nyumbani, na harusi ikawa ileile iliyopangwa tangu mwanzo. Gauni lilikuwa na vifungo vidogo mgongo mzima, na mama alivifunga mwenyewe kimoja kimoja, akafungua, akafunga tena, hadi shangazi akaja kumwambia watu wanasubiri.

Mfungisha ndoa alikuwa mzee makini, asiyependa kuharakishwa. Alipofika mahali pake akawageukia maharusi na kuuliza, kwa sauti ya kusikika hadi nyuma, kama kati yao yupo ambaye tayari amefungwa na ndoa nyingine.

Fundi akaangalia viatu vyake. Alitumaini swali litapita. Lakini Nesi, ambaye kwa muda ule wote alikuwa amechoka kuficha, akainua mkono.

"Mimi nimeolewa."

Ukumbi ukanguruma. Shangazi akajishika kifua, akatafuta pa kuegemea, akamwegemea mpiga picha. Wajomba wa Fundi wakasimama wote kwa pamoja.

"Umeolewa na nani?" akauliza mzee.

"Na huyu."

Mzee akavua miwani, akamtazama bibi harusi, akamtazama bwana harusi, kisha akamtafuta kwa macho mama wa bibi harusi aliyekaa mstari wa mbele, amejikwatua, mkasi mdogo ukichungulia kwenye mkoba kwa ajili ya dharura.

"Mama, hili unalijua?"

"Wafungishe tu, baba," mama akasema. "Ile ya kwanza sikualikwa."

Mzee akafikiri kidogo. Akauliza kama kuna pingamizi jingine lolote, na wale wajomba waliokuwa wamesimama wakamwambia aendelee, chakula kinapoa.